Eksi Kwenye Kona ya Dirisha

Kwa dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe, shemeji na wapwa wangu. Kikohozi cha shemeji kimepungua? Sisi huku hatujambo, kwa kadiri ya watu waliotoka kuzika. Mama anakula ukimsimamia. Mbele ya chumba cha baba bado anapita akinyata, kana kwamba kuna mtu amelala.

Barua hii nimeianza mara nne. Kwenye simu ningekuongopea tena, maana mdomoni mimi ni mwepesi. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uisome peke yako.

Unaikumbuka ile programu ya baba ya kuchorea mabomba ya idara ya maji. Wenzake walimwita Fundi Mabano, kwa sababu aliandika kwa Lisp, lugha ya kompyuta iliyojaa mabano mpaka macho yanauma, na mama naye akaiita kompyuta ile mke mwenzangu. Alipostaafu alikuja nayo nyumbani. Ajabu yake ni kwamba haikuwa na mafaili. Kila alichoandika kilikaa ndani ya kitu kimoja walichokiita dunia. Jioni unachagua kwenye menyu “hifadhi dunia”, na kesho unaikuta kama ulivyoiacha, hata neno uliloliachia nusu.

Kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia na maneno, ukimpa kalamu alikuwa akikwaruza karatasi kidogo kisha anaitupa. Siku moja mama akamkalisha mbele ya ile kompyuta kuukuu. Kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto aliandika mabano, akayafunga sawasawa, na mstari ukajichora kwenye skrini. Maneno ya watu yalikuwa yamemtoka, mabano yamebaki. Mama alipiga vigelegele peke yake sebuleni. Kabla wiki haijaisha kompyuta ikatoa moshi, ikafa.

Nikajitwika kazi ya kuihamishia programu ile kwenye kompyuta mpya. Dada, nilisota miezi miwili. Kipanya cha zamani kilikuwa na vitufe vitatu na baba alizoea cha kati, ambacho changu hakina. Herufi zilitoka ndogo kama sisimizi. Dirisha lilikataa kutanuka. Nilirekebisha kimoja baada ya kingine, na mwisho nikaliwekea dirisha eksi ya kufungia kwenye kona, kama madirisha yote ya siku hizi, maana la zamani halikuwa nayo. Baba alipoona programu yake imewaka alinishika shavu. Hakuwa amewahi kunisifu namna ile, nami nikavimba kichwa.

Akaanza kuchora. Kila umbo lilimchukua saa nzima, na kufika jioni alikuwa na nyumba isiyo na mlango. Nikirudi kazini namfungia programu, namlaza. Asubuhi aliikodolea macho skrini, machozi yakamtoka, kisha akaanza nyumba ileile. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha viungo aliuliza kama kuna jambo analorudiarudia, nikamweleza. Akasema kwa huruma kwamba inaelekea akili nayo imeanza kuondoka.

Ndipo nilipokupigia. Ulikuwa umeshapewa likizo. Nikakuambia usijisumbue, hatakujua, heri umkumbuke alivyokuwa. Nilijiona mtu mzima kwa kusema vile.

Wiki iliyofuata nilisafiri kikazi Ijumaa. Mama hajui kufunga kompyuta, basi ikabaki inawaka siku mbili. Niliporudi Jumapili, nyumba ilikuwa na mlango, na mlango uko wazi. Mbele yake kulikuwa na geti, na getini duara juu ya mstari, na kando ya mstari kisanduku. Baba alinivuta mkono akanionyesha, akawa anakigusa kile kisanduku tena na tena. Nikamwambia hongera mzee, leo umejitahidi. Nilikuwa nimechoka. Nikafunga.

Jumatatu aliitazama skrini kwa muda mrefu. Akaipiga kibodi kofi moja, akaashiria arudishwe kitandani. Hakukaa tena mbele ya kompyuta ile, na siku ya tisa akafariki.

Juzi mwenzake mmoja wa idara ya maji aliniomba nakala ya programu. Kesho yake akapiga simu akilalamika kwamba kazi yake yote ya jana haipo. Nikamcheka, nikamwambia nyie wazee mmesahau kuhifadhi dunia. Akajibu kwamba yeye alifunga kwa ile eksi, na hakutegemea mtu mwenye akili zake angeweka kitu cha kufungia kinachotupa jasho la watu bila hata kuuliza.

Nikaenda kuiangalia eksi ile. Wakati naijaribu programu nilitaka kila mara ianze tupu, kwa hiyo niliiagiza eksi itupe kila kitu. Nilijiambia nitaibadilisha kabla baba hajaanza kuitumia. Sikuibadilisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukuta wangu mimi utajengwa wapi sasa? Na eksi hiyohiyo ndiyo niliyobonyeza kila jioni, kwa mazoea, baba akiniangalia.

Baba hakuwa akirudiarudia, dada. Alikuwa akianza upya kwa sababu mimi nilimfutia. Menyu ya “hifadhi dunia” ni maneno, na maneno yalikuwa yamemtoka. Aliniona ninavyofunga, akajua kazi inapotelea wapi, na hakuwa na neno la kuniambia. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho.

Siku ya mazishi uliniuliza kama alikuulizia, nikakujibu kwamba hakuwa akijitambua. Katika nyumba yetu ni mtu mmoja tu aliyewahi kutoka kwenye geti lile akiwa na begi, naye ni wewe. Baba alikuchora unarudi, kwa kidole kimoja, mlango ameshakufungulia. Mimi nikakuzuia kuja.

Mama sijamwambia. Nitamwambia, ujibu usijibu. Nisalimie shemeji, na wapwa wangu uwabusu. Ukiona huwezi kuongea nami, usimkatie simu mama, yeye hana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba