Leseni Yangu na Nyumba ya Mama

Buffalo, New York
Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima

Mpendwa dada yangu Geraldine,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Walt, nikitumaini nyonga yake mpya inamruhusu sasa kutembea hadi kwenye sanduku la barua, na kwamba ndiye aliyekuletea hii. Sisi huku hatujambo. Nasema sisi, ingawa nyumbani nipo peke yangu na yule paka wa Bi Hattie wa jirani, anayekula kwetu na kulala kwao. Theluji imefika dirisha la jikoni na mgongo unaniuma kwa kuizoa, lakini nala vizuri, na jioni hii nitakwenda parokiani kula samaki wa kukaanga kama kila mwaka.

Najua unashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Ni kwa sababu kila Jumapili kuna jambo nimekuficha. Sasa kaa kitako. Mdogo wako, aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini na mmoja, akastaafu na kuzawadiwa saa ya ukutani isiyotembea, amepata leseni ya kuuza nyumba. Ni leseni halali ya jimbo, yenye jina langu kamili, na hawakukosea hata herufi moja ya Kubiak.

Nilisoma saa sabini na saba, dada, katika chumba kilicho juu ya duka la mazulia. Nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Kijana aliyekaa mbele yangu aliniuliza siku ya kwanza kama nimekuja kufagia, na wiki ya pili alikuwa ananiomba daftari anakili. Nilijifunza kwamba rafu zilizopigiliwa misumari ukutani huuzwa pamoja na nyumba, lakini kochi unaondoka nalo. Nilijifunza njia za watu kumiliki nyumba moja kwa pamoja, nikagundua kwamba wewe na mimi tumekuwa mojawapo ya njia hizo tangu Mama alipofariki, bila kulijua jina lake.

Mtihani wa kwanza nilianguka. Jumapili ile uliisikia sauti yangu ukaniuliza kama nina mafua, nami nikakubali nina mafua. Mara ya pili nikafaulu. Hawakupi alama, wanakuambia tu umefaulu, basi. Nikachemsha pierogi, vile vifuko vya unga vyenye viazi ndani, nikala kumi na nne nimesimama palepale kwenye jiko, na nilifurahi kama ambavyo sijafurahi miaka mingi.

Ila huku mwenye leseni mpya haruhusiwi kufanya kazi peke yake. Lazima uwe chini ya dalali mkuu anayekusimamia na kubeba makosa yako. Wangu ni Bi Yolanda Pettiford. Alinitambua nilipoingia tu ofisini kwake, maana mwanawe alikula chakula changu shuleni miaka sita. Alisema mtu aliyeweza kupanga foleni ya watoto mia tatu wenye njaa hatashindwa na mnunuzi mmoja anayelalamikia rangi ya ukuta. Namheshimu mno. Ana msemo wake anaoturudia kila asubuhi kabla hatujavua makoti: “Jamani, kabla hujafungua mdomo, jiulize leo unamfanyia kazi nani.”

Wiki tatu zilizopita alinichukua tukawaonyeshe nyumba wageni kutoka Queens, jijini New York, Bi Nasrin na mumewe na mama mkwe. Ni Wabangladeshi, kama familia nyingi zinazonunua siku hizi mtaani kwetu. Nyumba ilikuwa nzuri, na mume alishaanza kupima mahali pa kitanda, lakini yule bibi akatoka hadi ua wa nyuma na kandambili zake juu ya theluji, akatazama juu, akarudi ndani akitikisa kichwa. Bi Nasrin akacheka kwa aibu akasema, “Mtusamehe. Mama anataka jua. Bila jua maboga yake hayapandi kamba, na bila maboga hatutalala humu ndani kwa kelele zake.” Kisha akanigeukia mimi akaniuliza kama najua nyumba yoyote ambayo jua linapiga nyuma mchana kutwa.

Geraldine, unajua na mimi najua ni nyumba gani. Palepale Mama alipoanika shuka na kupanda matango ya achari. Nikasema sijui.

Tuliporudi garini Bi Yolanda hakuwasha injini. Aliniambia, “Marlene, uso wako haujui kufunga mlango. Ni nyumba ya nani?” Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi, halafu akasema hawezi kuniruhusu niiguse nyumba hiyo kabla mwenzangu wa kuimiliki hajajua kila kitu, tena kwa maandishi. Kwa hiyo haya ndiyo maandishi.

Kumbuka kiangazi cha mwaka juzi, ulipokuja kusimamisha lile bango la kuuza. Ulinunua sanamu ya Mtakatifu Yosefu ya plastiki, ukaizika kichwa chini kando ya bango, kama wanavyofanya watu wote wa parokia wanaotaka nyumba iuzike upesi. Ukasali, ukafuta magoti, ukaenda uwanja wa ndege. Nilimfukua kwa kijiko cha supu kabla ndege yako haijatua Tampa. Tangu siku hiyo amelala kwenye droo ya glavu. Kila uliponiuliza kama bado yupo, nikasema yuko salama. Hilo halikuwa uongo.

Mengine yalikuwa uongo. Dalali wako alipoleta watu, mimi nilikuwa nimekaa barazani nawasubiri. Niliwaambia theluji ikiyeyuka maji huingia chumba cha chini, na hiyo ni kweli. Lakini niliwaambia pia kwamba jirani anapiga kodiani hadi usiku wa manane. Bi Hattie wa watu, mwenye miaka tisini na moja, ambaye hata kengele ya mlango haisikii. Watu walikuwa wanaondoka hata hawajamaliza ngazi.

Na hata leseni hii, dada, sikuanza kuitafuta kwa nia njema. Niliwaza kwamba nikiipata utanikabidhi mimi kazi ya kuiuza nyumba, nami nitaishika hivyohivyo isiuzike mpaka nife humu. Halafu wakanifundisha kwamba mwenye leseni hamfichi mtu anayemfanyia kazi jambo lolote linalohusu nyumba yake. Swali hilo nililijibu sawa kwenye mtihani.

Ningeweza kuendelea kunyamaza kama si Krismasi. Ulilia kwenye simu. Ulisema nyumba haiuziki kwa sababu Mama hajakusamehe kwa kuhamia Florida na kukosa kuwepo siku ile alipoondoka. Nami nilikuwa nimesimama karibu na droo ile, nikakuambia upumzike. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika. Geraldine, Mama hakukukasirikia, si wakati ule wala sasa. Alikuwa akiwasomea manesi kadi zako. Aliyeizuia nyumba ni mimi, kwa kijiko cha supu, kwa sababu niliogopa kubaki bila jiko la Mama.

Sasa siogopi sana. Nimeingia nyumba nyingi za watu miezi hii, na ninajua naweza kuishi katika vyumba viwili vyenye dirisha zuri. Nimekuwekea fomu ndani ya bahasha. Ukitaka mimi niiuze, tia sahihi mahali nilipoweka alama. Ukitaka mtu mwingine, nitamkabidhi funguo na nitakaa mbali na baraza. Bi Nasrin bado hajapata nyumba. Sijamwambia kitu, kwa sababu nilijiuliza namfanyia kazi nani.

Mtakatifu Yosefu anakusalimu. Siwezi kumrudisha kwa sasa, ardhi imeganda kama chuma. Njoo Pasaka, udongo ukishalainika, na yule mwanakondoo aliyefinyangwa kwa siagi, wa kuweka mezani, nitamnunua mimi. Mtakatifu Yosefu utamzika wewe mwenyewe, upande unaoutaka, nami nitakuwa ndani nimekabidhi vijiko vyote kwa Bi Hattie.

Msalimie shemeji Walt, umwambie asipande ngazi. Nakukumbatia, na nasubiri jibu lako, hata likiwa la hasira.

Mdogo wako,
Marlene Kubiak
Muuza nyumba mwenye leseni