Amri ya Kimya kwa Mzee Masanja

Jumatatu, 4 Juni 1979
Choo cha balozi wa nyumba kumi tena. Kachimba, kaezeka, halafu kafungia mbuzi humo. Nimemwambia choo si zizi. Ati mbuzi wamekipenda. Uhudumu wa afya kijiji hiki ni adhabu.

Jioni kwa Mzee Masanja. Tangu mkewe azikwe hajatoka ndani. Hali, hasemi, hajalia hata siku moja. Ng'ombe wake wanachungwa na jirani. Wajomba wameamua: asipokula hadi Jumamosi, wanampakia kwenye lori la pamba, hospitali ya wagonjwa wa akili. Waliopelekwa huko kutoka kwetu hatujawaona tena. Sitaki aende. Siku ile mkutano mzima uliponicheka kwa kutaja mavi hadharani, yeye ndiye aliyewanyamazisha.

Jumanne, 5 Juni
Semina yetu ya wahudumu wa afya ilifundisha: mwenye huzuni apewe utulivu. Basi nimetoa amri. Marufuku kutwanga karibu na nyumba ile. Marufuku ngoma. Bintiye, Kabula, anong'one. Jogoo nimemhamishia kwangu. Najiona daktari.

Jumatano, 6 Juni
Jogoo mshenzi. Sikulala.

Aibu leo. Mama mmoja wa Mwakitolyo kapita, kakuta watu wananyata na kunong'ona, akaangua kilio cha msiba palepale mlangoni. Wengine wakaitikia. Kufumba na kufumbua wanawake wamefika na kuni na unga. Masanja kajisikia akiombolezewa, wala hakugeuka kitandani. Hilo limenitisha.

Alhamisi, 7 Juni
Kondo kaja na baiskeli. Mzaramo, muuza dagaa wa Tinde. Wakati wa mazishi alikuwa Nkome, huko ziwani, kufuata mzigo. Kaanzia uani: "Liko wapi hilo Sukuma linalolala kama kiazi?" Nimemtimua kwa ufagio. Anafoka kuwa yeye ni mtani, kazi yake kuwatania wafiwa mpaka wacheke, msiba umepita bila yeye, tunajitafutia mkosi. Nikamwambia huyu ni mgonjwa, hataniwi. Kaondoka kanuna.

Masanja kakataa hata uji. Nimelia njiani. Kwa hasira.

Ijumaa, 8 Juni
Asubuhi Kabula kafunga nguo za baba yake kwenye kanga. Tayari kwa safari. Nikaenda Tinde mwenyewe kumbembeleza Kondo. Akataka kwanza nimpe shikamoo mbele ya wateja. Mtu mdogo kwangu! Nikatoa. Akaitikia marahaba kwa madaha yote ya pwani. Sitasahau.

Kafika jioni, ng'ombe wamesharudi, ndani hata hakuingia. Moja kwa moja zizini, anawatoa ng'ombe, anatangazia kijiji kizima: "Masanja kafa, mtani sikuitwa! Nachukua urithi wangu! Msukuma kazi yake kufuga, Mzaramo kazi yake kula!"

Nikasikia kitanda kinalia. Masanja huyo mlangoni, shuka kiunoni, fimbo mkononi. "Rudisha ng'ombe, mwizi wa nazi wewe!"

Neno la kwanza tangu mazishi. Wakatukanana mpaka pumzi zikawaishia, wakakaa chini wote wawili. Masanja akacheka. Kicheko kikageuka kilio, kile ambacho hakikutoka makaburini. Kondo kamshika bega, anaendelea kumtukana, sasa polepole.

Semina haikutaja watani hata kidogo. Nitawaambia. Amri yangu nimeifuta, na jogoo nimemrudisha.

Jumamosi, 9 Juni
Lori limeondoka na pamba tu.

Mchana nilikaa na Masanja nje. Kabula kaleta ugali wa mtama na mboga. Kala matonge machache. Akaniambia marehemu alikuwa anazidisha chumvi, na yeye miaka yote alimwambia ni tamu. Kisha akaitazama mboga. Kabula, akasema, ametia kidogo mno.

Nikainuka, nikamletea chumvi.