Nimemsingizia mwalimu ili mdogo wangu asiende kuigiza

Mpendwa Anti Bupe, shikamoo. Naomba unisaidie haraka, kwa sababu Jumamosi hii baba anakuja mjini, na akifika kabla sijajua la kufanya nitakuwa nimeharibu kitu ambacho sitaweza kukitengeneza tena, na ngoja niseme ukweli tangu mwanzo, mimi nina wivu, namwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja, na wivu wenyewe umenifikisha pabaya.

Nina miaka ishirini na mbili, naishi Area D hapa Dodoma kwa mama mdogo pamoja na huyo mdogo wangu, Lea, ambaye ana miaka kumi na saba na amemaliza kidato cha nne, wazazi wetu wako Makutupora wanalima zabibu. Huu ni mwaka wa pili nasoma uigizaji na uanamitindo kwenye chuo kimoja cha vijana hapa mjini, chuo chenyewe ni ukumbi wa kukodi wenye kioo kirefu ukutani na utepe mweupe sakafuni ambao tunajifunza kutembea juu yake, na mimi Anti sijakosa hata siku moja, chipsi nimeacha, viatu virefu nimevitembelea mpaka kucha ya dole gumba ikang'oka, usaili nimekwenda mara tisa, na katika mara zote tisa nimepata nafasi moja tu, ya kupita na sinia la soda nyuma ya wahusika kwenye harusi ya kuigiza, na hata hapo kamera ilinikata kichwa.

Lea alikuja siku moja kunisindikiza tu, mwalimu wetu, Octavian, akamwambia usikae bure mwanangu, ingia darasani. Miezi minne, Anti. Miezi minne! Viatu vyenyewe anaazima vyangu.

Mwezi uliopita mwalimu akatupa zoezi, kila mtu amlete darasani mtu wa nyumbani kwao, mtu anayemwangalia sana, dakika tatu bila kusema neno. Mwenzetu Raheli akamleta bibi yake anayevuta ugoro, tukacheka mpaka machozi, mimi nikamleta mama mdogo anagombana na muuza mkaa, wakacheka kidogo kwa adabu. Lea akanileta mimi. Alikaa kwenye kiti akanawa miguu yenye malengelenge, akajitazama kwenye kioo akajaribu tabasamu la kwanza, la pili, la tatu, akachukua simu akasoma ujumbe, na mimi nikaujua ujumbe ule, ni ule wa usaili, wa asante kwa kushiriki, kisha akaigeuza simu kifudifudi chini ya mto, akajifuta uso na kanga, akainuka akaenda kusonga ugali akiwa anatabasamu. Hakuna aliyecheka, hata Raheli. Mwalimu alivua miwani akasema, "Hicho ndicho ninachowafundisha kila siku." Mimi nilisikia kama nimevuliwa nguo mbele za watu. Nyumbani nikamwambia Lea umenisanifu, umenifanya kichekesho, akashangaa, akasema, "Dada, mimi sikukusanifu, nilifanya nilichokiona," nikamgeuzia mgongo.

Sasa wakaja watu wa tamthilia kutoka Dar, wanapiga picha huku kwetu miezi mitatu, wakaoneshwa video za mazoezi yetu, wakamchagua Lea. Kwa kuwa hajatimiza kumi na nane lazima mzazi asaini fomu, na fomu nikapewa mimi niipeleke, kwa sababu baba siku zote husema mimi ndiye macho yake huku mjini. Anti, nilikwenda na ile fomu mpaka shambani, nikamkuta anavuna, na badala ya kuitoa kwenye mkoba nikasema, "Baba, mimi naogopa, yule mwalimu anamtaka Lea." Uongo mtupu. Mwalimu Octavian anatuita wanawe wote na mlango wa ukumbi haufungi hata siku moja. Baba akaweka kreti chini, akaniuliza, "Umeona kwa macho yako?" Nikasema nimeona.

Akanijibu, "Nashukuru mwanangu kwa kuniambia. Jumamosi nakuja na baba zako wadogo. Huyo mwalimu atanitambua, na Lea anarudi nyumbani." Zabibu zimeiva na yeye anaziacha anakuja.

Lea hajui lolote, kila jioni ananiuliza kama baba ameshasaini, nami namwambia ana shughuli nyingi. Nikimwona anafurahi nachukia, nikimwona kalala namwonea huruma. Je, Anti, ninyamaze tu, baba amchukue, halafu baadaye moyo ukitulia nimwombe Lea msamaha? Nikisema ukweli sasa baba hataniamini tena maishani, na chuoni nitafukuzwa.

Ni mimi, Dada Mkubwa.

ANTI BUPE ANAJIBU HEWANI

Marahaba, Dada Mkubwa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nilitaka kukuzaba kibao, mara ya pili nilitaka kukukumbatia. Tuanze na kibao.

Unazungumza habari za Lea na kazi yake kana kwamba ndicho kitu pekee ulichovunja. Na yule mwalimu je? Baba yako na wadogo zake wanakwenda kumvamia mtu mbele ya wanafunzi wake, na Dodoma hii, neno kama hilo likishamkaa mwalimu haliondoki hata aape. Kisha nina barua mezani kwangu za mabinti ambao walimu wao waliwafanyia kweli. Wengi walipowaambia baba zao waliambiwa ni waongo. Wewe umeaminiwa kwa neno moja, na hilo neno ukalitumia kwa sababu ya sinia la soda! Siku baba atakapogundua, binti mwingine wa ukoo wenu akienda kwake analia, unadhani atamwamini?

Nakuuliza mara moja tu. Kama kuna lolote la kweli, hata mkono uliokaa begani zaidi ya ilivyostahili, usifute chochote, nenda dawati la jinsia polisi leo hii. Lakini umeandika mwenyewe kwamba ni uongo mtupu, basi tuongee kama uongo.

Wivu wako naujua. Kuhangaika miaka miwili halafu mtoto wa juzi anapita na viatu vyako mwenyewe, hata mimi roho ingeniuma, na anayesema yeye isingemuuma anatudanganya. Roho kuuma si dhambi. Ulipofungua mdomo pale shambani ndipo ulipokosa.

Ila kuna jambo umeliandika bila kulisoma. Unasema mdogo wako alikusanifu. Mtu akisanifiwa watu hucheka, mama. Darasa lenu lilinyamaza. Mwalimu alisema mleteni mnayemwangalia sana, na huyo mtoto hakumleta mama yake wala baba yake, alikuleta wewe. Siku ile ulipoficha simu chini ya mto ukidhani hakuna anayekuona, alikuwa anakuona, na hakujua akufariji vipi. Wewe ulimleta mama mdogo na muuza mkaa ili watu wacheke. Yeye alileta mtu anayempenda. Tofauti yenu darasani ni hiyo, na inafundishika, kama utakubali kufundishwa na mwalimu uliyemchafua.

Hapana, hutanyamaza. Baba akishamtoa Lea huo msamaha wako wa baadaye utaombea nini, tamthilia imeshapigwa na jina la mtu limeshaoza? Utampigia baba yako simu wewe mwenyewe, bila kumtuma mama mdogo. Mwambie, "Baba, sikuona kitu. Nilisema uongo kwa sababu nilimwonea Lea wivu." Usiseme "labda nilielewa vibaya," hiyo ni njia ya kutorokea. Atafoka, mwache afoke. Kesho nenda na mama mdogo kwa mwalimu kabla ya vipindi, umweleze yote, na akikufukuza, shukuru kwamba hakukupeleka mbali zaidi. Usiku huu mwambie Lea, naye akilia usimwambie anyamaze. Halafu ile fomu irudi Makutupora mikononi mwako, isainiwe.

Ndiyo, baba atakaa muda mrefu bila kukuamini. Hilo umelinunua mwenyewe. Utalilipia polepole kwa kusema kweli hata kwenye mambo madogo, mpaka siku atakapokuuliza tena umeona nini.

Na jambo la mwisho. Majina yote ya watu niliyosoma nimeyabadilisha, hata la mwalimu. Mabinti wawili na mashamba ya zabibu nimeyaacha makusudi. Leo ni Alhamisi, saa tisa alasiri, na huko mashambani wavunaji wanasikiliza redio. Baba yako si mjinga. Naweka wimbo mmoja sasa hivi, wewe shika simu umpigie, kabla hajamaliza kujumlisha moja na moja.