Askari Sita wa Plastiki

S.L.P. 46,
Mpanda,
Rukwa.
11 Novemba, 1979.

Mpendwa mdogo wangu Immaculata,

Pokea salamu nyingi za hapa Nsemulwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, umevaa makoti yako mawili, na wagonjwa wa huko Ujerumani hawakusumbui kama tulivyokuwa tunakusumbua sisi. Mimi sijambo, Marsela hajambo, na watoto wanakula kuliko tunavyolima. Mkono wangu wa kushoto umepona kadiri utakavyopona, vidole viwili bado vimeshikana. Mama yako Eufrazia, mama mdogo wangu mimi, ni mzima wa mwili. Mengine yake nitayafikia, na nakuomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Mvua zimeanza juma lililopita na kule Mpimbwe wameshaingia mashambani. Sabuni hakuna dukani tangu mwezi wa tisa. Tunafulia majivu na majani ya mpapai, kwa hiyo ukirudi leo utatujua kwa harufu.

Mzigo wako ulifika mwezi wa nane. Wale askari sita, urefu wa shubiri, wanaokunja magoti na kuinua bunduki, hawajawahi kuonekana Mpanda. Watoto waliwapigania siku ile ile mpaka damu ikatoka. Bernadetha alimng'ata kaka yake sikio. Nikawanyang'anya wote sita na kuwapanga juu ya kabati, ndipo Bernadetha akaniuliza kama hawa wenye mashavu mekundu na macho ya bluu ndio niliokuwa nao vitani. Nilicheka. Nikamwambia hawa wamepotea njia, nitawarudisha kwenye ukoo wao.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kuwapaka rangi, mimi ambaye hata mlango wangu mwenyewe ulinishinda. Nilikwenda Kashaulili kwa Kasimiri, yule fundi anayeandika majina kwenye malori, akanipa mabaki ya rangi kwenye makopo ya maziwa. Wa kwanza nilimharibu. Sikumwosha, nikampaka nzito kama ninayesiriba ukuta, na alipokunja mkono rangi ikamenyeka begani kama ngozi iliyoungua. Nilimtupa uani, nikatoka nje, sikurudi ndani mpaka chakula.

Baadaye nilimwokota, nikajifunza. Unamsugua kwanza kwa majivu, unamwacha akauke, unampaka nyepesi mara tatu na si nzito mara moja. Nguo kwa unyoya wa kuku, macho kwa ncha ya mwiba. Kazi kubwa ni ngozi. Nyeusi peke yake inamfanya mtu awe sufuria. Unatia nyekundu, unatia njano kidogo, unajaribu kwenye ukucha wako mwenyewe. Siku nilipopata rangi ya Manyanda, yule Msukuma wa kikosi chetu, nilikaa nikimtazama nikaona anataka kunidai sigara.

Hapo ningeacha, Immaculata. Sikuacha. Polycarpe, mwenzetu mwingine wa kikosi, aliporudi nyumbani hakuwa na mkono wa kulia, kwa hiyo nilipasha kisu moto nikamkata wa kulia. Manyanda nilimtoboa koo kwa msumari wa moto, mahali kipande cha bomu kilipoingia akiwa anatafuna muhogo. Alikufa amekaa, damu na muhogo vikimtoka kwa pamoja, na mkono wake bado ulikuwa unamenya mwingine. Niliipaka hiyo damu vizuri, ikashuka mpaka mkandani. Marsela alisema nawapa watoto maiti za kuchezea. Nilimwambia anyamaze, kwa sauti ambayo sikuwa nayo kabla hatujaitwa mgambo. Lakini nisikufiche, kila niliyemmaliza alinipunguzia uzito fulani kifuani.

Nikapaka wanne. Wawili walibaki: Gelasius, ndugu yako, na mimi.

Unajua mwili wa Gelasius haukurudi. Mama aliambiwa azike koti lake la Jumapili, akakataa, akasema hawezi kulilia kitu kisicho na uso. Siku moja alikuja kwangu, akawaona wale wanne juu ya kabati, akawashika mmoja mmoja. Kisha akasema, "Teles, nipakie mwanangu. Nitamzika huyo Siku ya Marehemu, karibu na baba yake."

Ningekataaje? Nilimpaka kwa siku nane. Unakumbuka yeye alikuwa maji ya kunde, mweupe kuliko sisi wote. Nilipata rangi ile, nikapata na ule mwanya wa meno. Niliona nimemrudisha. Kasoro ilikuwa moja, tone la rangi ya kijani lililomwagikia shavuni. Kasimiri mwenyewe hufuta makosa yake kwa petroli, basi nikamwomba kijiko kimoja, nikalowesha kitambaa nikamfuta.

Plastiki si bati la lori. Shavu lilitoka lote. Nilivyojaribu kulirudisha kwa kidole gumba, pua ikafuata, na jicho likateremka mpaka kidevuni. Harufu ya petroli ikajaa chumbani.

Sijui vizuri kilichofuata. Marsela anasema nilichukua nyundo nikawapasua wale wanne mpaka vipande vikaruka dirishani, nikavunja kigoda, nikapiga ukuta kwa ngumi, naye akawakimbiza watoto kwa jirani. Ninachokumbuka ni mama yako amesimama mlangoni asubuhi ile, amekuja kumchukua mwanawe, na mimi nimekaa chini na Gelasius kiganjani asiye na uso.

"Kwa nini amekuwa hivi?" akauliza.

Nikamwambia, "Ndivyo alivyokuwa, mama."

Sasa nakwambia na wewe, kama nilivyomwambia yeye. Lori letu lilipigwa roketi tukielekea Masaka, kule Uganda. Gelasius alikuwa amekaa juu ya mapipa ya petroli kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi, na mimi ndiye niliyemwambia akae pale. Lori likapinduka, mguu wake ukabanwa chini ya chuma, petroli ikammwagikia, moto ukamfuata. Nilikuandikia kwamba mkono wangu uliungua jikoni kambini. Uliungua kwa kumvuta yeye. Nilivuta mpaka ngozi ya mkono wake ikabaki mikononi mwangu na yeye akabaki pale pale. Uso wake ulikuwa unatoka kama ulivyotoka majuzi chini ya kitambaa changu. Hakuwa anapiga kelele tena. Aliniita Teles, kama tulipokuwa wadogo, akasema nisimwache hivyo.

Nilirudi nyuma hatua tatu nikampiga risasi ya kifua.

Nilipowaandikia kwamba alikufa kwa risasi moja, hapo sikudanganya. Nilificha tu kwamba bunduki ilikuwa yangu.

Mama alitoka nje. Nilidhani amekwenda. Alirudi na mchi wa Marsela, akanipiga nao begani, akanipiga mgongoni, pigo la tatu likanipata sikioni nikaanguka. Ananipita miaka ishirini na mitano lakini mkono wake bado ni wa kutwanga mpunga. Sikujikinga. Nilitaka aendelee, na nadhani aliliona hilo, maana aliacha. Akakaa juu ya vipande vya kigoda.

Akauliza, "Alikuita?"

"Aliniita, mama."

"Hakuita mwingine?"

"Aliniita mimi."

Kisha akanyoosha mkono nimpe yule askari. Nikamwambia nimebakiwa na mmoja mzima, anipe siku nane nyingine nitampaka upya, awe na uso. Akasema, "Huyo mzuri ungemzikia nani? Mwanangu ndiye huyu." Akamfunga kwenye kanga, uso ndani, kama mtoto mchanga anayeogopewa upepo.

Siku ya Marehemu tulikusanyika nyuma ya nyumba yenu. Unakumbuka babu alipofariki, jinsi mjomba Melkior alivyonyimwa jembe mbele ya watu wote kwa kuwa alikuwa na ugomvi na marehemu. Ndiyo desturi yetu na mimi niliijua, kwa hiyo nilisimama mbali, karibu na banda la mbuzi. Mjomba Rafaeli ndiye aliyeshika jembe. Mama akamnyang'anya. Akapita katikati ya watu wote mpaka nilipokuwa, akaniwekea mpini mkononi, huu wa kushoto.

Nilichimba peke yangu. Shimo lilitosha kwa kitu cha shubiri moja, lakini nilichimba mpaka kiunoni, na hakuna aliyeniambia niache. Nililia hadharani, Immaculata, na sioni aibu kukuandikia.

Baada ya hapo nilimwomba mama akueleze wewe kwa niaba yangu. Alikataa. Alisema, "Mwandikie mwenyewe. Mimi nimekupa jembe langu, la Immaculata siwezi kukupa."

Ndiyo maana utakuta kifurushi kidogo pamoja na barua hii. Ndani yumo yule wa sita, ambaye sijamgusa. Bado ana mashavu mekundu na macho ya bluu. Yeye ndiye mimi. Nilishika unyoya mara mbili ili nimpake, nikashindwa kujua nimpe uso gani. Mpake wewe, kisha unirudishie. Mwoshe kwanza kwa sabuni, maana nyie huko mnayo, na rangi iwe nyepesi. Usimguse kwa petroli. Ukiona ni wa kupasua kwa nyundo, mpasue, kisha nirudishie vipande, nitakuelewa. Lakini usikae naye kimya.

Mama yako anakusalimu sana na anasema uvae soksi. Marsela anakusalimu, naye ananisemesha tena tangu juzi. Bernadetha anakusalimu na anauliza kama kuna askari wengine, nimemwambia hakuna. Mjomba Rafaeli, mjomba Melkior na Kasimiri fundi wote wanakusalimu.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe moyo wa kuyabeba haya niliyokutwika kwa mbali.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na ninayemngoja huyo wa sita kila treni ikiingia,

Telesphor