Vero, Wamekuzika Bila Mtani

Vero, Mhehe wewe,

Nina hasira na wewe na sina pa kuipeleka. Umekufa, haya, kufa tutakufa wote. Lakini kuzikwa bila mtani wako? Mimi Mngoni nipo Dar nakula chipsi, wewe unafukiwa Johannesburg kimyakimya, watu wanalia tu, hakuna hata mmoja wa kurukia shimoni akagoma kutoka!

Nimefika juzi na basi. Jana Mado, yule Mkongo wako mshona nguo, na Mama Kevin wa Burundi wakanipeleka pale ulipokuwa unapika, kwenye hoteli ya wale Wapolandi. Eti tukale alichokuwa anakanda Vero.

Weh, chakula! Supu ya bitiruti nyekundu hiyo, kiti moto, nguruwe paja zima na ngozi yake, kabichi limechachuka kabisa na hakuna anayelalamika. Halafu zikaja zile sambusa zako za kuchemsha, ndani viazi na jibini, juu kitunguu cha kukaanga. Nilikula mpaka nikalegeza kanga chini ya meza. Miaka yote unajisifia kwenye simu, mimi nakujibu, "Mhehe na upishi wapi na wapi!" Kumbe tamu. Nikazidi kukasirika.

Ndiyo nikawauliza, kwa nini mlinipigia ameshazikwa? Mado akaangalia sahani. "Dada, kila siku tulikuwa tunasikia munatukanana kwenye telefone. Tukasema, huyu mwanamuke akikuya ku kilio, atamutukana marehemu mbele ya watu."

Vero! Si ndicho ningekuja kufanya!

Umekaa na watu miaka yote hiyo, hukuwaambia kwamba babu zetu walipigana, sisi tukarithi matusi? Kwamba mimi ndiye wa kuvaa nguo zako ndani nje, nikuigize unavyotembea kama bata, mpaka mama yako acheke na kamasi puani? Mdomo wote ule ulikuwa wa nini? Sasa mama yako huko Iringa analia tu, hajapata mtu wa kumchekesha.

Nikanyanyuka palepale. Nikakatiza kati ya meza na sahani yangu mkononi, matako yanakwenda kule na huku kama yako. Nikasema, "Mhehe mchoyo, umeona nakuja kula ndiyo ukakimbilia kufa!" Wazungu wakaacha vijiko hewani. Mama Kevin akajifunika uso na leso. Mado akacheka, akacheka, halafu kikamtoka kilio ambacho hata msibani anasema hakukitoa. Yule bibi wa Kipolandi mwenye hoteli akatokea jikoni. Kiswahili hajui hata neno, lakini alivyoniona navyotembea akashika mdomo wake. Alijua ni wewe.

Haikutosha, Vero. Mimi nikifa nani atanitukana? Tulipatana wewe ndiye. Umenikimbia na zamu yako.

Naandika barua hii hapa kwa Mado, kalamu inanishinda, ila kesho nitakuja makaburini niisome kwa sauti, walinzi wanitoe wakitaka. Nikiondoka huku sipitilizi mpaka Dar. Nashuka Iringa, naingia kwa mama yako na kelele zangu zote, na sitoki mpaka acheke.

Kwaheri, Mhehe wangu. Nitakusema vibaya sana. Ukichukia, inuka unizuie.

Mtani wako,
Mama Jeni