Chokaa Upande Huu, Mafuta ya Taa Upande Ule

Itungi, Kyela. Jumamosi, 14 Juni. Mwezi wa tano tangu niondoke Iringa.

Upepo wa ziwa umevuma kutwa nzima na mgongo unaniuma kama nimepigwa. Lakini moyo unaruka. Nimekaa nje ya chumba nilichopanga, jua halijazama bado, naandika kwenye simu niweke mtandaoni kabla furaha haijapoa.

Leo wamepima mshono wangu.

Nilikuja hapa bandarini kubeba mabamba ya chuma. Tunafufua tishari la zamani, chombo kipana cha mizigo ambacho meli hukivuta nyuma yake. Lilikuwa limelala kwenye matope miaka mingi, majani yameota ndani. Mchomeleaji mmoja alipougua, fundi mkuu wetu, dada Tusekile, akauliza nani amewahi kushika moto wa kuchomelea. Nikasema mimi, kule Iyunga nilikopita kabla ya kuja hapa, kwenye karakana ya mageti.

Akacheka. "Geti likivuja, nani analowa?"

Hata hivyo akanipa mshono mmoja niuchomelee. Ukivuja, narudi kubeba mabamba, na kazi hiyo inaisha mwisho wa mwezi, basi ni kupanda basi la Iringa. Usipovuja, mimi ni fundi.

Shule niliiacha darasa la sita. Sikujua kama chuma kina historia. Mshono wangu unaunganisha bamba jipya na mabamba ya kale ambayo hayakuchomelewa kabisa. Yameshikwa na ribiti, pini nene zilizopigwa nyundo zikiwa nyekundu kwa moto mpaka zikafanya vichwa vya duara. Dada Tusekile anasema vyombo vya kwanza vya ziwa hili vililetwa vipande vipande, watu wakavibeba vichwani kutoka mbali, vikaja kuungwa ufukweni. Babu yake alipiga ribiti hapa hapa, na tishari hili ni mojawapo ya aliyoyapiga.

Nikagusa vile vichwa vya chuma. Wabebaji kama mimi! Nani aliandika majina yao?

Kupima kwenyewe ni hivi. Ndani unapaka chokaa juu ya mshono, unaiacha ikauke mpaka iwe nyeupe. Nje unapaka mafuta ya taa. Halafu unangoja. Kama kuna tundu, hata la ncha ya sindano, mafuta yatapenya na chokaa itaonyesha doa jeusi.

Tulingoja. Kila mtu aliacha kazi yake akaja kuchungulia.

Doa likatokea.

Komba, Mngoni, mtani wangu, hakunionea huruma. "Funga mizigo, Mhehe! Mbwa wa Iringa wamepumzika vya kutosha!" Watu wakaangua kicheko; ndio utani wao, kwamba sisi Wahehe tunakula mbwa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitasema nini nyumbani.

Dada Tusekile akapiga magoti, akasogeza tochi karibu, akafuata lile doa kwa kidole. Halikuanzia kwenye mshono wangu. Lilianzia kwenye kichwa cha ribiti, upana wa kiganja pembeni, likateremka mpaka kwangu.

Akageuka, uso mkavu kabisa. "Aliyevuja ni babu yangu. Mhehe yuko salama."

Jamani, kelele zilizopigwa! Hata Komba alinibeba juu juu.

Kisha dada akanipa ile kinga ya uso. "Haya, fundi, mzungushie babu moto." Nikachomelea duara kukizunguka kile kichwa, taratibu, kama navisha mtu pete. Tukapaka chokaa upya, mafuta upya, tukangoja tena. Ikabaki nyeupe. Nyeupe pee!

Sasa nimepewa ubavu mzima wa kushoto. Na tishari likiingia majini, waliolichomelea ndio wanaopanda kwanza. Ndiyo desturi ya hapa, ili kila fundi awe makini.

Nimempigia mke wangu, Mama Neema. Akauliza, "Na hilo dude likizama?" Nikamwambia nitakuwa ndani yake. Akasonya, halafu nikamsikia anacheka.

Mama Neema, najua utasoma hapa. Mwisho wa mwezi huu siji, nisamehe. Nakuja Novemba, mvua ya kwanza ikilainisha udongo, tupande mahindi pamoja.