Faili Iliyojishuhudia Yenyewe

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu asubuhi, na mji unaonekana kama haujaamka vizuri. Mimi pia.

Leo nilikaribia kupeleka Opala faili nisiyoijua.

Kazi yangu ni kuweka programu kwenye kompyuta za vituo vya afya. Opala mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo faili husafiri kwa flashi, mfukoni mwa tonton Likenge, mzee anayetubebea vitu, kwa baleinière, mashua ya mbao ya mtoni. Akiondoka, harudi kabla ya majuma mawili. Safari hii alibeba programu ya kuandikia chanjo za watoto. Ikigoma, muuguzi wa kule atakisia nani amechanjwa na nani bado.

Kila faili ina alama yake ya kidole, sisi tunaiita empreinte: herufi na tarakimu sitini na nne zinazotokana na yote yaliyomo ndani. Ukigusa kitu kimoja tu, zote zinageuka. Napenda kuzitazama zikijipanga kwenye skrini. Nasahau hata njaa.

Faili hii niliinakili kutoka flashi ya rafiki, pamoja na alama yake iliyoandikwa humo. Nikaipima faili kwenye kompyuta, nikalinganisha na alama ile, zikalingana, nikampa tonton flashi.

Baadaye nilikaa nikisikiliza matone kwenye mabati, nikamuwaza ndoyi wangu, shangazi niliyepewa jina lake. Jina ni moja, lakini jina peke yake halithibitishi kuwa mimi ni yeye. Ndipo nikajiuliza: ile alama niliitoa wapi? Kwenye flashi ileile ya rafiki, ilikotoka faili. Faili ilikuwa shahidi wa nafsi yake.

Nikampigia Clarisse, anayefanya kazi uwanja wa ndege wa Bangboka, kwenye mtandao mzuri. Akafungua ukurasa wa wenye programu, akanisomea alama iliyoandikwa pale. Kufika herufi ya tatu, alama yake na yangu zikaachana.

Nilikimbia mpaka bandarini.

"Tonton, ile flashi haiko muzuri. Ni mimi nilikosa."

"Lakini ulisema uliangalia."

"Niliuliza faili yenyewe, tonton."

Akanitazama sana. "Bon. Kapiteni iko shemeji yangu. Tutangoja kidogo."

Clarisse alipakua faili ya kweli, akaituma kwa pikipiki. Tukaisoma alama kwa simu, yeye ukurasani, mimi kwenye skrini ya kompyuta niliyobeba, moja moja hadi ya sitini na nne. Tonton alisikiliza kama anayefuata rozari. Kisha yeye na kapiteni wakaondoka.

Nimerudi nyumbani na aibu yangu. Siku zote nimejiambia mimi ni mtu makini.

Na alama hiyo nayo, niliitoa wapi?